Hadubini Isiyo na Lenzi

Mnamo mwaka 1948 Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alichapisha fikra ya holografia, yaani ya kunasa sura ya kitu kwa njia ya makutano ya mawimbi, ambayo mwaka 1971 ilimpatia Tuzo ya Nobeli. Na fikra hiyo ndiyo asili ya hadubini ndogo za kuchukulika mkononi, zisizo na lenzi hata moja.

Nuru ya taa ndogo hupitishwa katika tundu, ikaliangukia tone la damu au maji lililowekwa karibu kabisa na kipokezi cha picha, mfano wa kile kilichomo ndani ya kamera ya simu. Basi mawimbi ya nuru yaliyotawanywa na chembe hukutana na yale yaliyopita bila kizuizi, kama viwimbi vya vijiwe viwili vilivyotupwa kisimani, na makutano hayo huacha alama za duara duara, ambazo machoni petu hazina maana, lakini kompyuta huzifanyia hesabu hata ikaidhihirisha sura ya chembe. Kazi ya lenzi imetwaliwa na hesabu, na hilo, kwa rai yangu, ndilo la ajabu kuliko yote.

Mwaka 2010, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Aydogan Ozcan na wenzake walieleza hadubini ya namna hii yenye uzito wa gramu 46 hivi. Huona eneo pana kwa mara moja. Ila chembe zikisongamana mno alama zao huchanganyikana, ndiyo sababu damu haina budi kuzimuliwa kwanza.