Saa ya mkononi haijui uzito wa mzigo wako



Siku hizi wengi kazini wanavaa saa zinazohesabu hatua, mapigo ya moyo na kalori. Jioni mmoja anajisifu kwamba amechoma kalori elfu tatu, mwenzake anajibu kwamba yeye amefika elfu nne. Mabishano hayo hayamdhuru mtu. Hatari inaanza pale mtu anapopunguza bukari yake, au anapojiongezea bia, kwa sababu saa imemwambia hivyo.

Kalori ni kipimo cha nguvu inayotoka katika chakula na kutumiwa na mwili. Wataalamu wakitaka kuijua katika maabara, hupima hewa: oksijeni anayovuta mtu na gesi ya kaboni anayotoa. Saa haipimi hewa. Inamulika ngozi ili kuona damu inavyopita, inafuata mtikisiko wa mkono, inachukua umri, urefu na uzito uliouandika wewe mwenyewe, kisha inakisia.

Makisio hayo yamekwisha kupimwa. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu aina 7 za vifaa hivyo kwa watu 60. Katika mapigo ya moyo, aina 6 zilikosea chini ya asilimia 5. Katika kalori, iliyo bora kuliko zote ilikosea kwa wastani asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93. Maana yake ni kwamba mwili ukitumia kalori 1,000, hata ile iliyo bora inaweza kukuandikia 730 au 1,270. Tofauti hiyo ni kama gramu 75 za unga wa mahindi. Na watu wale walikuwa wakitembea, wakikimbia na kuendesha baiskeli, bila mzigo.

Sasa tazama kazi za kwetu.

Kwanza, mzigo. Kabla barabara haijafika Bisie, wabebaji walipita msituni hadi Njingala na mifuko ya kilo 50 ya kasiteriti. Saa ingehesabu hatua zao, isingejua uzito. Tena kubeba ni ufundi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapa utafiti wa Kenya juu ya wanawake Waluo, wanaobeba kichwani, na Wakikuyu, wanaobeba mgongoni kwa kamba ya kwenye paji, kama mama zetu wa Masisi. Walibeba hadi sehemu moja kwa tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Ufundi huo saa haiuoni.

Pili, mkono. Anayesukuma toroli anatoa jasho, lakini mkono wake umetulia juu ya mpini.

Tatu, joto. Katika msitu wa Walikale, moyo hupiga mbio kuliko katika baridi ya milima ya Masisi, hata kwa kazi ileile, kwa kuwa unapeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Hofu, kiu na malaria huongeza mapigo vilevile. Saa inaweza kuandika kazi nyingi, kumbe ni homa.

Basi fanya hivi:

1. Usile kwa kufuata saa. Jipime kwenye mizani ya dispensari kila juma, wakati uleule. Uzito ukishuka majuma matatu mfululizo, chakula hakitoshi au kuna ugonjwa. Njoo tukupime.

2. Tumia mapigo ya moyo, maana hayo saa inayajua vizuri zaidi. Yaangalie asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Yakipanda kuliko kawaida yako siku mbili tatu, njoo. Ukisikia homa, njoo siku hiyohiyo.

3. Kunywa maji kabla kiu haijakushika. Mkojo wenye rangi nzito unaonya kwamba maji hayatoshi.

4. Vua saa karibu na mkanda au mashine inayozunguka. Ikinaswa, mkono unaifuata.

Mtu wa kazi nzito anahitaji bukari, maharagi, sombe na samaki wa kumtosha. Anayefanya kazi na njaa huchoka mapema, na aliyechoka huteleza. Usipunguze sahani yako kwa ajili ya namba iliyokisiwa.