Somo la Redio: Mlaze Mtoto Chali

Habari ya leo ni ya huzuni, lakini ina faida.

Mama amemnyonyesha mtoto wake wa miezi mitatu. Mtoto hana homa wala kikohozi, na jioni alikuwa akicheka. Amelazwa, akalala. Alfajiri mama anamgusa, kumbe amekwisha kufa. Daktari anamchunguza, haoni ugonjwa. Kifo hiki huitwa kifo cha ghafula cha mtoto mchanga. Majirani hunong'ona kwamba mama amemlalia, au kwamba mtoto amerogwa. Usiseme hivyo. Mama huyo ana msiba wa kutosha.

Kifo hiki huwapata hasa watoto wa chini ya miezi sita. Yako mambo yanayoongeza hatari, na kubwa ni kumlaza mtoto kifudifudi. Zamani madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliwashauri akina mama kufanya hivyo. Walidhani mtoto akitapika hatapaliwa. Baadaye wataalamu walihesabu vifo, wakaona waliolala kifudifudi walikufa zaidi. Mwaka 1991 Uingereza ilitangaza: walazeni watoto chali. Marekani ilifuata mwaka 1994. Baada ya miaka michache vifo hivyo vilipungua sana. Uingereza vilipungua zaidi ya nusu. Wazazi hawakununua dawa yo yote. Walibadili hasa ulalaji.

Pengine utauliza, "Akilala chali hatapaliwa?" Fikiri hivi. Shingoni mna njia mbili: ya hewa mbele, na ya chakula nyuma. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu, na ya chakula chini. Matapishi hayapandi juu kwa urahisi. Akilala kifudifudi, njia ya hewa huwa chini. Tena pua hukaa karibu na nguo, naye huvuta hewa ile ile aliyoitoa. Kumlaza ubavu pia si salama, maana hubingirika kwa urahisi.

Sasa shika na haya:

1. Usivute sigara ukiwa na mimba, wala mtu asivute karibu na mtoto.
2. Mlaze juu ya godoro gumu lililo sawasawa. Ondoa mito na mablanketi mazito.
3. Usimfunike kichwa ndani ya nyumba, wala usimvike nguo nyingi wakati wa joto.
4. Usilale naye kwenye kochi. Aliyelewa au anayevuta sigara asilale naye kitanda kimoja. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake ana hatari zaidi.
5. Mnyonyeshe maziwa yako, na alale chumba kimoja nawe.

Akiwa macho, nawe unamtazama, mlaze kifudifudi kidogo apate nguvu za shingo.

Labda bibi atasema, "Mbona sisi tuliwalaza kifudifudi, nanyi mkakua?" Mjibu kwa adabu: "Kweli, bibi. Wengi walikua. Lakini wako ambao hawakuamka, na siku hizo hakuna aliyejua."

Maswali:

1. Mtoto alazweje usiku na mchana?
2. Kwa nini akilala chali hapaliwi kwa urahisi?
3. Leo utamweleza nani habari hii nyumbani?