Ushindi Hauko Miguuni Tu

Bila shaka umewahi kuona wanariadha wakipokezana kijiti uwanjani. Kijiti kikianguka, basi mambo yameharibika, hata kama wakimbiaji wana mbio za swara. Leo nataka nikueleze juu ya mbio za kupokezana ambazo hazina kijiti, hazina uwanja wala hazilali usiku.

Mbio hizi huitwa Race Across America, nazo zilianza mwaka wa 1982. Waendeshaji baiskeli huvuka Marekani kutoka magharibi hadi mashariki, karibu kilomita 4,800. Hiyo ni zaidi ya mara tano safari ya Mombasa hadi Kisumu! Wako wanaokwenda peke yao. Christoph Strasser wa Austria alitumia siku 7, saa 15 na dakika 56 mwaka wa 2014. Wengine huenda kwa timu za watu wawili, wanne au wanane. Saa haisimami hata timu ikila, ikilala au ikipotea njia.

Timu ya watu wanne aghalabu hujigawa wawili wawili. Wawili wakiwa barabarani, wenzao wanalala garini. Wale wa barabarani hupeana zamu fupi fupi ili kila mmoja achape mwendo kwa nguvu zake zote. Tuseme wanabadilishana kila baada ya dakika 20. Nimepiga hesabu: ni mara 72 kwa siku, na kwa siku 6 ni mara 432. Wakipoteza sekunde 10 tu kila mara, wamepoteza saa 1 na dakika 12. Haba na haba hujaza kibaba, hata katika hasara.

Sasa, wanabadilishanaje? Gurudumu ndilo kijiti chao. Mchana, anayepokea anaweza kuanza kwenda polepole, mwenzake amfikie wakiwa wote mwendoni. Usiku ni lazima anayepokea asimame kando ya barabara, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali. Haruhusiwi kung'oa nanga mpaka gurudumu la mbele la mwenzake lifike sambamba na gurudumu lake la nyuma. Gari la timu nalo hufuata nyuma likimmulika kwa taa.

Jambo la pili ni chupa ya maji. Katika majangwa ya California na Arizona joto hupita nyuzi 40, na mtu akikosa maji humo amekwisha. Lakini kusimama ili unywe ni kupoteza wakati. Kwa hiyo msaidizi husimama pembeni, hasa kwenye mlima ambapo baiskeli haiendi kasi. Huishika chupa juu kwa vidole, akanyosha mkono na kukimbia upande ule ule aendako mwenzake. Kwa nini akimbie? Baiskeli ya kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kwa sekunde moja. Msaidizi akisimama tisti kama mlingoti, chupa itampiga mwenzake mkononi na kuanguka, au mwenzake mwenyewe ataanguka. Wakikimbia pamoja, chupa huhama kwa utaratibu. Na msaidizi haiachilii mpaka ahisi mwenzake ameishika barabara.

Haya si mchezo. Barabara hazifungwi, malori yanapita kama kawaida, na watu wenyewe wana usingizi. Mwaka wa 2003 mwendeshaji wa timu moja aligongwa na lori huko New Mexico akafariki dunia. Ndiyo maana kanuni ya kusimama usiku huheshimiwa, ingawa inakula sekunde.

Kwa maoni yangu, funzo kubwa liko kwa yule mwenye chupa. Hapandi baiskeli wala hapigiwi makofi, lakini bila yeye mwenye miguu mizuri hafiki mbali. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi nasi tunapofanya mazoezi ya kupokezana, tusifundishe miguu tu, tufundishe na mikono.