Chikungunya katika Uwanda wa Makonde

Chikungunya ni ugonjwa unaosababishwa na virusi vinavyoenezwa na mbu wa jenasi Aedes. Ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza baada ya mlipuko wa miaka 1952–1953 huko Newala na Masasi, kusini mwa Tanganyika (leo mkoa wa Mtwara, Tanzania).

Mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha makala mbili kuhusu mlipuko huo. Robinson alieleza dalili zake: homa ya ghafla, maumivu makali ya viungo na vipele kwenye ngozi. Dalili hizo hufanana na za dengi, lakini maumivu ya viungo vya chikungunya yanaweza kudumu kwa miezi. Jina lenyewe latokana na Kimakonde, si Kiswahili kama inavyodhaniwa mara nyingi. Linahusu kujikunja, maana mgonjwa hupinda mwili kwa maumivu.

Lumsden alichunguza uenezi wa ugonjwa. Maji ni haba juu ya uwanda, hivyo watu waliyachota mbali na kuyahifadhi nyumbani. Mbu Aedes aegypti walizaliana katika vyombo hivyo, karibu kabisa na watu. Mwaka 1956 R. W. Ross alichapisha taarifa ya kutenga virusi vyenyewe.

Hakuna dawa maalumu ya kuviua virusi hivyo. Mgonjwa hutulizwa homa na maumivu. Kinga muhimu ni kufunika vyombo vya maji na kuepuka kuumwa na mbu, hasa mchana.