Kaye ya shimo ao tableti ya wino?

Kwa mashimo ya Ituri, kaye ndiyo inalinda chakula ya nyumba. Ndani yake tunaandika nani ameingia kazi leo, PDG ametoa mafuta ya motopompe litre ngapi, mchele na maharagi ya deni ni ya ngapi, na siku ya kuosha mchanga dhahabu imetoka kiasi gani. Kaye ikilowana, kila mtu anakumbuka deni namna anavyotaka, na mchimbaji anarudi kwa bibi yake mikono mitupu. Ndiyo maana wenzetu wa komite wanauliza sana juu ya zile tableti za wino: je, chama kinunue moja?

Hii si tableti ya kuangalia filme. Ndani ya kioo chake kuna vifuko vidogo sana, jicho haliwezi kuviona, vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme unavuta chembe nyeusi juu, herufi inatokea, halafu inabaki pale bila kula umeme tena mpaka ugeuze ukurasa. Kwa hiyo batri inakaa siku nyingi, na kwenye jua kali unasoma sawa gazeti, fasi telefone inakuwa kama kioo cha kujitazama. Kampuni ya E Ink ilianza Marekani mwaka 1997. Kindle ya kwanza ilitoka 2007. Kwa mtu wa Mongbwalu anayelipa mwenye jenereta ili achaji telefone, hiyo si faida ndogo.

Sasa tuangalie ukubwa, maana hapo ndipo watu wanakosea. Zile za bei ya chini ni za inchi 6. Lakini sisi tunataka kusoma Sheria ya Madini, ile Code minier ya 2002 iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, na hiyo inatembea kwa PDF ya kurasa za A4. Kwa inchi 6 herufi zinakuwa sisimizi. Unasukuma ukurasa kushoto, kuume, mwisho unaacha. Na ndani ya sheria hiyo ndimo imeandikwa kwamba kadi ya mchimbaji ni ya mwaka mmoja, na kwamba lazima awe ndani ya kooperative. Mtu aliyesoma mwenyewe, hata na Kifaransa cha kuungaunga, hadanganywi kirahisi mbele ya meza ya ofisi. Basi ni inchi 10, kama si hivyo muache.

Halafu taa. Tunasoma usiku, kisha kazi. reMarkable 2 ya Norway haina taa ndani. Kindle Scribe ya 2022 iko nayo, lakini ilipotoka ilikuwa karibu dola 340 kule Marekani, mbele ya usafiri na mbele ya faida ya wafanyabiashara wa njiani. Hesabu mwenyewe hizo ni kaye ngapi! Zote mbili hazikutengenezwa kwa maji, na vumbi ya kariere itakwaruza kioo. Kalamu zao hazichajiwi, ila ncha inaisha, ulizeni za kubadilisha.

Swali kubwa kwa muuzaji ni hili: ukurasa nilioandika unatokaje ndani? Kindle Scribe inautuma kwa email, ni kusema inataka intaneti. reMarkable 2 inaweza kuutoa kwa waya mpaka kwa ordinatere. Boox ya Wachina inatumia Android sawa telefone zetu, unatoa PDF kwa waya. Kwa fasi ambayo rezo inakuja na kupotea, mimi ningeanza na waya.

Lakini hata hiyo isiingie shimoni. Kwa kaye kila mmoja anaweka sinyatire ao dole gumba, na mtu akifuta, karatasi inaonyesha. Kwa kioo, mstari ukifutwa hauachi alama. Siku ya kugawa dhahabu, kaye ibaki. Jioni mkaipige picha. Tableti ikae ofisini kwa sheria, statiti za kooperative, barua za SAEMAPE na ripoti za mikutano. Kwenye bariere, kitu cha bei ndani ya sakoshi kinaleta maswali, na majina ya waliolalamika yakiwa ndani, hatari si ya mwenye sakoshi peke yake. Muweke namba ya siri siku ya kwanza.

Na mbele ya kulipa, mumwite mmoja wa mama zetu wanaopeleka chakula ya deni kwa shimo, mumuonyeshe deni lake limeandikwa kwa kioo. Kama hawezi kulifuata, ao hakubali kwamba ni lake, feza ibaki kwanza ndani ya kesi.