Tone Moja Kila Nusu Dakika

Kila boti yenye injini ya ndani ina tundu chini ya mstari wa maji, na tundu hilo limetobolewa kwa makusudi. Injini imekaa ndani ya chombo, rafadha iko nje majini, na shafti inayoziunganisha lazima ipenye mwilini mwa chombo, upande wa tezi. Anayelinda tundu hilo ni kifaa ambacho abiria hakioni na ambacho wenye boti wengi hukisahau mpaka ngama ijae: sili ya shafti.

Tuanze na hesabu. Chukua tundu lenye upana wa milimita 25, nusu mita chini ya uso wa bahari. Kwa kanuni iliyotolewa na Mwitaliano Evangelista Torricelli katika karne ya 17, maji yatachupa ndani kwa kasi ya mita 3 hivi kwa sekunde. Hata ukipunguza kiasi kwa kuwa mkondo hujibana unapopita kwenye tundu, bado ni lita 55 kwa dakika. Pipa la lita 200 hujaa kabla ya dakika nne kwisha. Hayo ndiyo yanayosubiri shafti ikichomoka kabisa mahali pake. Sili iliyochakaa haianzi hivyo. Huanza na utepe mwembamba wa maji usiotisha mtu, pampu ya umeme ikiutoa usiku na mchana, hadi siku betri inapokwisha nguvu na boti haina mtu. Ndiyo maana boti nyingi huzama zikiwa zimefungwa gatini, bahari ikiwa shwari.

Njia ya zamani ya kuzuia maji hayo bado inatumika duniani kote. Shafti hupitishwa katika kisanduku cha shaba, na kati ya shafti na ukuta wa kisanduku hupangwa pete tatu au nne za kamba ya kuzibia, iliyosukwa kwa kitani na kushibishwa shahamu au nta. Siku hizi nyingi zina nyuzi za tefloni. Nati kubwa hukandamiza pete hizo. Zikibanwa kwa urefu hutanuka kwa upana na kuikumbatia shafti. Nati ya pili hufunga ya kwanza isilegee.

Mafundi wa vyombo vya mbao wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua mantiki hii tangu zamani. Kukalafati jahazi ni kupigilia pamba iliyolowa mafuta katikati ya mbao hadi nyufa zizibike. Tofauti ni moja tu, na ni kubwa: mbao za jahazi hazizunguki. Shafti yenye unene wa milimita 30 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, uso wake husugua kamba kwa kasi ya zaidi ya mita moja na nusu kwa sekunde, saa baada ya saa. Msuguano huo huzaa joto, na joto hilo lazima liondolewe.

Linaloliondoa ni maji yenyewe. Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lao linaeleweka, kwani nani anapenda kuona boti yake ikivuja? Lakini kisanduku cha aina hii kimeundwa kivuje kidogo. Shafti inapozunguka, tone moja kila nusu dakika hivi linatosha kupoza na kulainisha kamba. Injini ikizimwa, matone yakaribie kukoma. Tone lina takriban sehemu ya 20 ya mililita, kwa hiyo hata kama lingedondoka mchana kutwa na usiku kucha, mavuno ya siku nzima yasingefika mililita 150. Anayekaza nati hadi pakauke kabisa kwa kamba ya kawaida huifanya kamba iungue na kuwa ngumu, kisha ianze kuchimba mifereji kwenye shafti. Shafti iliyochimbika haiwezi kuzibwa vizuri na kamba yoyote mpya.

Kwamba maji yanaweza kufanya kazi ya mafuta lilikuwa jambo kubwa katika karne ya 19. Meli za kwanza za rafadha zilishika shafti zake kwa beringi za shaba nyuma ya tezi, nazo zililika haraka mno. Mwaka 1854 mhandisi Mwingereza John Penn alipata hataza ya kutumia vipande vya lignum vitae, mti mgumu wa nchi za Karibi, vilivyoachiwa nafasi za maji kupita katikati yake. Mti huo uliolainishwa kwa maji ya bahari ulidumu kuliko shaba. Boti ndogo za leo hutumia mpira wenye mifereji badala ya mti, ila kanuni ni ile ile.

Ukaguzi hauhitaji mtambo wa gharama. Baada ya nusu saa ya safari, injini izimwe, shafti isimame kabisa, kisha kiganja kiguse kisanduku. Uvuguvugu si tatizo. Kikichoma, nati imekazwa kupita kiasi. Matone yakizidi, nati izungushwe kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko au pungufu, kisha fundi asubiri aone maji yanasemaje kabla ya kugusa spana tena. Nati ikifika mwisho wa uzi wake, kamba imekwisha. Hapo pete zote za zamani zitolewe, hata ile ya ndani kabisa inayosumbua. Kuongeza pete mpya juu ya mabaki ni kujidanganya. Kila pete ikatwe iizunguke shafti mara moja tu, na maungio yake yapishane, yasipangane mstari mmoja ambao maji yataufanya njia.

Boti inayolala miezi mingi nayo ina hatari yake. Shafti ya chuma kisichoshika kutu hujilinda kwa utando mwembamba wa kromiamu na oksijeni, na utando huo hujitengeneza upya panapokuwa na oksijeni. Maji yaliyotuama ndani ya kamba huishiwa oksijeni, na shafti hutobokatoboka mahali ambapo jicho halifiki.

Sili za kisasa huahidi ngama kavu. Aina moja, kama ile ya kampuni ya Marekani PYI, ina pete ya grafiti iliyoshikwa na mpira wenye mikunjo, na pete ya chuma inayozunguka pamoja na shafti. Mpira husukuma nyuso hizo mbili zikutane. Volvo Penta hutengeneza sili ya mpira yenye midomo inayoibana shafti. Hii hudai grisi kidogo kila mwaka, na kila boti ikishushwa majini ni lazima mpira uminywe kwa mkono hadi hewa itoke na maji yatokeze. Hewa ikibaki, midomo husuguana na chuma pakavu na kuungua katika safari ya kwanza. Boti ziendazo kasi huongezewa mpira wa kuleta maji kutoka mfumo wa kupoza injini, kwa sababu mbio zenyewe huweza kuingiza hewa kwenye bomba la shafti. Ukavu huu unavutia, lakini kamba ya kale ikichoka hutoa taarifa polepole, ilhali mpira wenye mikunjo ukichanika huweza kuachia maji mengi kwa ghafla. Watengenezaji hutaja umri wa kubadilisha mpira hata kama unaonekana mzima, na agizo hilo lina sababu.

Hakuna sili inayostahimili shafti isiyonyooka. Tarehe 10 Desemba 1941, karibu na pwani ya Malaya, topido la Wajapani liliipiga manowari ya Uingereza Prince of Wales jirani na shafti ya nje ya kushoto. Shafti iliyojeruhiwa iliendelea kuzunguka ikitikisika, ikararua sili zilizokuwa njiani mwake, na bahari ikapita humo hadi vyumba vya mitambo. Meli ilizama siku hiyo hiyo, na watu 327 wa meli hiyo walikufa. Kwenye boti ndogo nguvu hizo hufanya kazi polepole: mpira wa kushikilia injini umelegea, injini imeshuka milimita moja, na sili inaliwa upande mmoja. Mlinganisho wa giaboksi na shafti upimwe boti ikiwa majini, kwa kuwa chombo kilichopandishwa nchi kavu hubadilika umbo kidogo.

Kubadilisha sili nyingi hudai boti ipandishwe na shafti itenganishwe na giaboksi, kazi ya siku nzima au zaidi. Kwa hiyo baadhi ya sili za midomo huuzwa na ya akiba, inayovishwa kwenye shafti tangu mwanzo na kungoja ndani ya kishikio chake. Ya kwanza ikiharibika, ya pili husogezwa mahali pake bila shafti kuchomolewa. Boti inayobeba abiria kwenda visiwani inastahili kuwa nayo kabla ya kubeba nauli ya kwanza.