Je, Wajua? Skrini Moja, Pande Mbili

Je, wajua kwamba si lazima utumie programu ya kupangia faili iliyokuja na kompyuta yako? Mwaka 1986 ilitoka Norton Commander, kazi ya John Socha, iliyogawa skrini pande mbili: huku faili zinakotoka, huku zinakokwenda. Ukibonyeza F5, zinanakiliwa. Mtindo huo ungali hai katika Double Commander, programu ya bure ya Windows na Linux.

Umuhimu wa programu hii utauona kwenye steshenari za Jinja na Mbale, Uganda. Mwanafunzi analeta tasnifu yake kwenye flashi ichapishwe. Flashi inaondoka na kirusi. Akifika nyumbani, folda hazipo, zimebaki njia za mkato tu. Wengi hukata tamaa wakaifomati. Jamani, msifanye hivyo! Mara nyingi kazi bado imo humo humo. Kirusi kimezipa folda alama ya kufichwa pamoja na ile ya faili za mfumo, na File Explorer ya Windows kwa kawaida haionyeshi vitu vya namna hiyo. Katika Double Commander unawasha chaguo moja tu, la kuonyesha vilivyofichwa, nazo zinajitokeza. Zinakili mahali salama, usibofye njia za mkato, kisha safisha flashi kwa programu ya kuua virusi.

Na mpiga picha wa Chanzo cha Nile pale Jinja, mwenye picha mia tatu zilizopewa namba tupu, anaweza kuzibadilisha majina zote kwa mkupuo katika Double Commander hiyo hiyo: Ctrl+M hufungua zana ya kazi hiyo.